Sikio Moja Linaposumbuliwa

Kwa miaka minne nilimpiga mtoto wangu kwa kosa la masikio, na muda huo wote nilijiona mzazi mwenye bidii. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilifundisha Beni, sasa nafundisha Butembo, na katika kila darasa nililoshika haikupita siku bila mimi kusema: "Sikio la kufa halisikii dawa." Niliisema methali hiyo kama watu wengine wanavyosalimu kwa "jambo." Watoto wa benchi la mbele walikuwa wakiimalizia kabla sijafika mwisho, nami nilifurahi, nikidhani wamejifunza kitu.

Lugha yetu nayo ilinisaidia kukosea. Kwetu neno kusikia limebeba mizigo mingi. Unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia Kifaransa, maana yake unakielewa, na mtoto anayetii tunasema anasikia. Kwa hiyo mkubwa akisema, "Huyu mutoto hapana kusikia," hakuna anayefikiri juu ya masikio. Mtu anafikiri juu ya kichwa kigumu, na mkono unaanza kutafuta fimbo. Sikio lenyewe, lile la nyama, haliulizwi kitu.

Binti yangu ni mzaliwa wangu wa kwanza. Alipofika miaka sita tulikuwa tukikaa Beni, upande wa Beu, katika nyumba ya mbao. Baba yake ni mchuuzi. Alikuwa akienda Kasindi kununua bidhaa na kurudi Jumamosi, mtu mpole asiyeweza kumkemea hata mbuzi wa jirani. Kazi ya kukemea ilikuwa yangu. Mtoto aliingia darasa la kwanza katika shule ileile niliyofundisha, kwa mwalimu mwenzangu, chini ya mabati yasiyo na dari, pamoja na watoto zaidi ya sitini. Haukupita mwezi, mwenzangu akanijia wakati wa mapumziko.

"Madame, mutoto yako hasikie. Ninamuambia 'funga kitabu,' yeye anafungua. Ninasema 'simama,' anasema 'salama.'"

Walimu wengine walicheka. Mimi sikucheka. Mtoto wa mwalimu akiwa mjinga, ni mwalimu anayechekwa.

Na ningeweza kuamini kwamba ana shida kama asingekuwa anasikia vizuri sana nyumbani. Baada ya chakula, mahali pametulia, nikimnong'oneza baba yake mahali nilipoficha sukari, kesho yake sukari imepungua. Mtu anayesikia habari ya sukari kupitia ukuta wa mbao, kwa nini asisikie "funga kitabu"? Niliwaambia wote kwamba huyu anachagua. La kumfaa analisikia, la kumsumbua analiacha lipite.

Tena alikuwa na tabia moja iliyonikera kuliko zote. Kwetu mtoto akisemeshwa na mkubwa anaangusha macho. Ndiyo heshima, tumelelewa hivyo. Wangu alinikazia macho mdomoni, bila kupepesa, kama anayehesabu meno yangu. "Angusha macho!" nilimwambia. Akayaangusha, kisha akafanya kinyume cha kile nilichomtuma. Nilimtuma chumvi akaleta sabuni. Nilimwambia amfunike mdogo wake, akamfunua. Nikampiga. Alipokuwa na miaka tisa nilikuwa nimeshazoea kumpiga, na naona yeye pia alikuwa amezoea, maana alikuwa akija mwenyewe na kusimama mahali pale karibu na mlango ambapo adhabu ilitolewa.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa alasiri ya siku ya kazi. Tulikwenda soko la Beu kununua makayabo, ule samaki wa chumvi, mimi na yeye, na mdogo wake akiwa mgongoni mwangu. Kando yetu mashine ya kusaga mihogo ilikuwa ikipiga kelele, pikipiki zinapita, muuza simu amefungulia muziki. Kitambaa cha mgongoni kikalegea, nikauachia mkono wa binti yangu ili nikikaze. Wakati huohuo risasi zikasikika upande wa juu. Sikuwahi kujua nani alikuwa akimpiga nani. Kwetu watu wanakimbia kwanza, habari zinafuata nyuma. Soko lote likainuka. Nilipogeuka, mtoto alikuwa hatua kama tano kutoka kwangu, na watu wakipita kati yetu.

"Kuya!" nililia, yaani njoo. "Kuya! Kuya hapa!"

Alinitazama. Hilo ndilo lililonichoma, alinitazama kabisa, macho yake mdomoni mwangu kama kawaida yake. Halafu akageuka akakimbia upande mwingine na watu wengine, wala hakutazama nyuma tena.

Nilizunguka mpaka jua lilipokuwa likishuka. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikiuliza, mdogo akilia mgongoni, na katika saa zile nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo sijayatimiza. Nilimkuta katika ua wa kanisa moja, ameketi kati ya wanawake waliokimbilia pale, kikombe cha maji mkononi. Nilisikia furaha. Kisha nikafika karibu, nikampiga makofi mawili mbele ya wale wanawake, maji yakamwagika.

"Nakuita, unanitazama, unakwenda! Wewe ni mutoto wa namuna gani? Sikio la kufa!"

Aliyempa maji alisimama kati yetu, mama mnene mwenye kilemba cha kwaya. "Mama, mutoto iko muzima," alisema. "Umuache." Nilimwambia aangalie wa kwake.

Kabla ya mwezi kwisha nilimpeleka binti yangu Kipese, kwa mama yangu, huko milimani nilikozaliwa mimi na alikozaliwa yeye pia. Watu niliwaambia ni kwa ajili ya usalama, na hiyo ilikuwa nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilimchoka. Ni neno baya kwa mama kulitamka, lakini lilikuwemo moyoni, na nikilificha sasa kuandika kwangu hakutakuwa na maana. Alipanda gari lililokuwa likirudi kuchukua kabichi, akakaa juu ya magunia matupu, hakulia. Muda si mrefu baadaye na sisi tulihama, tukaja kupanga nyumba Butembo.

Kipese ni baridi na ukungu, mashamba ya viazi na vitunguu yameinama kwenye miteremko, nyumba ziko mbalimbali. Sauti ni chache. Asubuhi jembe, jogoo, mtu anakohoa ng'ambo ya bonde. Mama yangu alikuwa akinipigia simu siku za soko, akishapanda mahali penye mtandao, na habari zake za kwanza zilinishangaza.

"Huyu mutoto anasikia kupita wewe vile ulikuwa," alisema. "Kuku akitaga nyuma ya nyumba, ni yeye wa kwanza kujua. Namuita kutoka shamba, anaitika mara moja tu."

Shule ya huko ina kuta za udongo na paa la nyasi, na watoto katika darasa lake walikuwa wachache. Mwisho wa mwaka alikuwa wa pili. Mama mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika. Nilikaa na simu mkononi nikajiambia: kumbe anaweza. Kumbe ni mimi peke yangu anayenikataa. Na kila alipokuja Butembo kwa likizo alinipa ushahidi mpya, maana nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara ya malori, redio ya jirani haizimwi, na kwangu mtoto yule wa Kipese aliyeitika mara moja alikuwa kiziwi tena. Katika moyo wangu nilimwita mnafiki.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili, wakati wa likizo, kanisani walitangaza baada ya sadaka kwamba amefika daktari wa masikio, atakuwa katika hospitali moja ya mjini kwa wiki mbili, wenye watoto wa masikio ya usaha wawapeleke. Binti yangu hakuwa na usaha. Nilimpeleka kwa sababu nilitaka mashine ya daktari imshitaki. Nilitaka karatasi yenye muhuri iseme kwamba masikio yake ni mazima, nimwonyeshe baba yake na mama yangu, tumalize maneno.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Mkongo kama sisi, mwenye sauti ndogo. Alimsalimu mtoto kule nje barazani, penye watu wengi, na mtoto akajibu kitu kisichohusika. Nilitaka kumkanya, daktari akaninyooshea kiganja. Akatuingiza katika chumba kidogo, akafunga mlango, akamvisha vile vifuniko vya masikio na kumwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Alibonyeza vizuri, hata kwa milio midogo sana. Nilimtazama binti yangu kwa jicho la unaona sasa.

"Milio anaisikia," alisema daktari. "Mais, lakini kule nje hakunisikia. Twende kwa mashine ya pili."

Mashine ya pili ilikuwa na kizibo kidogo cha mpira cha kuingiza ndani ya sikio, na mtoto alirudi nyuma alipokiona. Daktari akaniomba nitangulie mimi, ili aone kwamba hakiumi. Nikakaa kwenye kiti. Akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya kufundisha viungo vya mwili sikuwahi kulifundisha, kwa sababu sikulijua. Sikio si tundu la kupokelea sauti tu. Ndani kabisa, kule lilikojikunja kama konokono, sikio lenyewe linatoa sauti yake, ndogo mno, mwenyewe huwezi kuisikia, na mashine ile inaisikia.

Alinitia kizibo sikio la kuume. Kikaanza kupiga tik tik tik, na kwenye kioo cha mashine vikainuka vijiti vya kijani, vimejipanga kama vitunguu kwenye tuta. Hiyo, akasema, ndiyo sauti ya sikio lako likijibu. Kisha akanifunika sikio la kushoto, akafungulia kelele, shwaaa, kama mvua juu ya mabati. Kuume hakukubadilika kitu, bado tik tik tik ileile. Lakini vile vijiti, vya kuume, vikashuka. Si sana, kidogo, ila hata mimi niliona. Akazima kelele ya kushoto, vikapanda. Akaifungua, vikashuka.

"Unaona, madame? Kelele iliingia kushoto. Kuume njo ilipunguza." Kwetu "njo" ni "ndiyo."

Alinifafanulia polepole. Sauti iliyoingia sikio la kushoto inapanda njia yake mpaka chini ya ubongo, na kutoka kule ujumbe unashuka mpaka ndani ya sikio la kuume: kuna kelele, jikaze, punguza. Na kelele ikiingia kuume, la kushoto nalo linapashwa habari. Hatuambiwi, hatuombi, linafanyika lenyewe. Wanaosoma mambo haya, akasema, wanaona kwamba ni moja ya mambo yanayomsaidia mtu kumsikia anayemsemesha katikati ya soko.

"Basi masikio yangu yanasikilizana kupita kwaya yetu," nilisema, na daktari akacheka. Hata mtoto alitabasamu. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku ile.

Zamu yake ikafika. Kizibo kuume, tik tik, na vijiti vikainuka, virefu kuliko vyangu, vizuri, vimenyooka. Daktari akafungulia kelele kushoto. Vijiti havikusogea. Akaongeza kelele kidogo. Vikasimama palepale. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari. Nilipiga makofi.

"Muone! Ya mutoto haitetemeke! Iko na nguvu!"

Daktari akabadilisha, kizibo kushoto, kelele kuume. Ni vilevile. Akaondoa vyote, akakaa, akamtazama mtoto, kisha akanigeukia.

"Madame, ile njo shida yenyewe. Masikio yake yote mawili ni mazima. Mais hayapashane habari. Kelele ikiingia huku, kule hakujue."

Aliendelea, na ninakumbuka kila neno. Njia ya kutoka sikioni kwenda ubongoni, kwa huyu mtoto, haipeleki habari sawasawa; inafika imevurugika, kwa hiyo hata ujumbe wa kurudi upande wa pili hautumwi. Mahali pakiwa kimya, anajikusanyia vipande na kuelewa. Penye kelele anasikia sauti, anajua ni ya nani, anajua ina hasira au furaha, lakini maneno yenyewe yanamfikia kama barua iliyonyeshewa. Anasoma mwanzo, katikati pamefutika. "Njo maana anaangalia kinywa," alisema. "Amejifundisha peke yake. Ni mutoto wa akili sana."

Nilikumbuka "angusha macho." Nilikumbuka kila mara nilipomnyang'anya hata hicho kidogo alichojipatia, halafu nikampiga kwa kukikosa. Ni mimi sasa niliyeangusha macho.

Daktari akauliza alizaliwaje. Je, alikuwa wa manjano?

Alikuwa wa manjano. Nilijifungua Kipese, kwa mama yangu, katika majira ya ukungu. Siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa kama kiini cha yai. Muuguzi wa kituo alisema tumteremshe hospitali, lakini barabara ilikuwa imekatika kwa matope, na wamama wa pale wakasema hilo ni jambo dogo, mtoto wa manjano anaanikwa kwenye jua la asubuhi. Tukamtoa mlangoni kila asubuhi, amevuliwa nguo kwenye mapaja ya mama yangu, tukilisubiri jua. Ukungu haukuondoka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano, tulikaa pale mlangoni tukitazama weupe mtupu, mtoto analala tu, hanyonyi vizuri. Jua lilipotoka tulishangilia. Alikuwa amekuwa wa kijani kidogo, kisha rangi ikarudi, tukamshukuru Mungu na kusahau.

"Siseme ni ile," alisema daktari. "Inaweza kuwa ile. Hakuna mutu anaweza kujua sasa."

Nilimwuliza dawa. Alisema dawa hakuna, na chombo cha kukuza sauti kingemkuzia na kelele pia. Mtoto akae mbele, watu wawe wachache, mahali pawe kimya, anayemsemesha awe usoni pake penye mwanga. Asiposikia, aambiwe tena. "Bila kukasirika," aliongeza, akiandika, hata hakuinua kichwa. Hakujua alikuwa akimwambia nani.

Tulirudi kwa miguu. Malori yalikuwa yakipita. Penye kona ya kwetu aliniuliza, "Mashine ilisema nini?"

"Ilisema uko muzima," nilijibu.

Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu. Siku tatu nilizunguka naye ndani ya nyumba na sikuweza kusema lingine. Nilimpikia. Nilimsuka nywele, kitu nilichokuwa nimeacha kufanya. Siku ya nne likizo ilikwisha, akapanda kurudi Kipese na mama muuza kabichi anayetufahamu, na mimi nikabaki na karatasi ile yenye muhuri niliyokuwa nimeitaka kwa hamu. Baba yake aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema bado. Mtu yule mpole, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, alinigeuzia mgongo akatoka nje.

Katika familia yetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Mama yangu alipotukosea alituwekea kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani na kusema "kula," na tulijua. Kwa hiyo wiki ya pili, Jumamosi, nilinunua kuku mkubwa, nikapanda pikipiki, nikaenda Kipese na matope mpaka magotini. Niliwaza kuwa kuku ataeleza. Nilimwonyesha mama yangu karatasi, nikamsomea kwa lugha yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye habari ya manjano alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akamchukua yule kuku mikononi mwangu, akamfunga mguu kwenye nguzo.

"Nyama haina kinywa," alisema. "Yeye anaangalia kinywa. Kwenda umuambie."

Binti yangu alikuwa nyuma ya nyumba akimenya viazi. Nilikaa mbele yake juu ya kigogo, uso wangu kwenye mwanga kama daktari alivyosema. Upepo haukuwepo. Akaanza kuangusha macho, kwa heshima.

"Hapana," nilisema. "Uangalie kinywa yangu."

Nikamwambia yote: vijiti vya kijani, masikio mawili yasiyopashana habari, barua iliyonyeshewa. Nikamwambia nilimpiga bure miaka yote. Nilisema neno nisamehe, na lilinitoka vibaya, nikalirudia. Alinitazama mpaka nilipomaliza, na baadaye kidogo tena, kama vile kuna maneno mengine nyuma. Aliweka kisu chini.

"Mama, ile siku ya soko, mimi nilikusikiaka."

"Ulisikia nini?"

"Uliniangalia, ukasema 'Kwenda! Kwenda!' Njo nikaenda."

Sikuelewa mara moja. Alinielezea kwa utulivu, kama mtu anayesimulia jambo la zamani lililokwisha kukubaliwa. Alisema mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, na risasi zilikuwa nyingi, na mama hawezi kukimbia na watoto wawili. Alidhani nimechagua yule mdogo. Alikimbia kwa sababu nilimwambia akimbie. Kisha nilipomkuta kanisani nikampiga, alidhani ni kwa sababu hakwenda mbali vya kutosha. Na nilipomtuma Kipese alijua ni neno lilelile.

"Juu ya nini haukuniambia?" nilimwuliza sababu.

"Nilifikiri unajua," alisema. "Ni wewe ulisema."

Nilimshika mikono yake yenye maji ya viazi. "Nilisema kuya. Nilisema kuya hapa."

"Sema tena."

"Kuya."

Alitazama mdomo wangu ukilitamka. Akalisema mwenyewe taratibu, mara mbili, kuya, kuya, halafu akasema kwenda, akilinganisha. Uso wake ulibadilika. Nilidhani atalia, nilikuwa tayari kwa machozi yake, nilikuwa nikiyangoja.

"Basi ni mimi nilikosa kusikia," alisema. "Pardon, mama."

Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa sauti, nikashindwa kumkatalia msamaha ule usio wake kuuomba, hata mama yangu akatokea mlangoni, akatutazama, akarudi ndani.

Nilipoweza kusema, nilimwomba turudi wote Butembo. Nilimwambia nitamweka benchi la mbele katika darasa langu mwenyewe, tutahama kando ya barabara, redio nitamwomba jirani aizime. Alijibu kwa upole, mtoto wa miaka kumi na miwili akimwangalia mama yake asije akaumia.

"Hapa nasikia, mama."

Nilitaka kubishana. Lakini mabati yetu nayajua, malori nayajua, na mdomo wangu naujua. Nikamwambia sawa. Nikachukua kisu kingine, tukamaliza kumenya viazi, na kesho yake nikashuka Butembo peke yangu.